Maandishi Mekundu

Nakutegea, mjukuu wangu, nawe usikimbilie kunipa mji. Nina nguo niliyovikwa na watu. Kila anayeniona huisifu, nami kila nikipiga hatua inaniwasha mwili mzima. Siku nitakayoivua hadharani ndiyo siku nitakayokuwa nimevaa. Ni nini hiyo?

Hujui? Basi itie mfukoni, usinipe mji bado. Kaa vizuri nikuletee Bernadina, mke wa karani, maana nguo hiyo ilikuwa yake.

Mwaka ule wa hamsini na tatu Bernadina alikaa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Mgodi wenyewe ulikuwa juu na chini. Juu kwenye kilima zilipangwa nyumba kumi na mbili za makarani na mafundi, za matofali na bati, kila moja na choo chake cha saruji, na bomba la maji pale kwenye kona. Chini bondeni ilikuwa kambi ya wachimbaji, vibanda vya nyasi vimebanana kama mahindi gunzini, na maji yao yalikuwa ya bwawa, wakinywa kwa zamu na ng'ombe. Watoto wa juu ngozi zao zilikuwa laini. Watoto wa chini walijikuna, wakajikuna, mpaka vidole vikashikana kwa upele, na matumbo yao yakiharisha tangu mvua ya kwanza hadi ya mwisho.

"Hawa wa kambini ni uchafu tu," Philomena, mke wa fundi umeme, alikuwa akisema wakiwa bombani. "Ukimpa sabuni ataila."

Na wanawake wa juu wakicheka, Bernadina naye alicheka. Alicheka kidogo, kwa pembe ya mdomo, kama mtu anayelipa kiingilio.

Kwa nini alipe kiingilio wakati mumewe ni karani Onesmo, anayeandika majina ya watu mia tatu kwa mwandiko wa kupendeza? Kwa sababu watu wa juu walimwita mwanamke wa kitabu. Wake wa wengine walitoka vijijini tu, lakini Bernadina alitoka misheni ya Ushirombo. Kila Jumapili alikaa ibadani na kitabu chake cha sala chenye jalada jeusi, midomo inacheza, kidole kinashuka mstari kwa mstari, na ikifika pahali pa kufunua ukurasa, anafunua. Hakuwahi kukosea ukurasa hata siku moja.

Ni kweli alitoka misheni. Lakini misheni alikuwa jikoni. Aliingia akiwa na miaka tisa, yatima, akapewa mchi na kinu, na kwa miaka minane alitwanga mtama wa masista huku darasa likiimba a, e, i, o, u upande wa pili wa ukuta. Sala zote alizishika kwa masikio. Ukurasa alijua kuufunua kwa kumtazama sista wa mbele. Onesmo alipokuja kuchumbia, alimkuta ameshika kile kitabu, akatabasamu, akasema, "Kumbe nimepata msomaji mwenzangu." Bernadina angeweza kumwambia siku ile. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akalimeza, na tangu hapo akawa analimeza kila siku, asubuhi na jioni, miaka minane.

Hata binti yake Generosa, aliyeanza shule mwaka ule, alipomletea kibao akauliza, "Mama, hii nayo inasomwaje?" alimjibu, "Soma mwenyewe. Ukisomewa hutajifunza." Majirani waliosikia wakamsifu: mama mkali, mama wa elimu. Bernadina akaingia ndani, akakaa kitandani, akajifunika uso kwa kanga.

Sasa, huko chini kambini alikuwapo Sikujua, Mama Chiku. Mumewe Majaliwa alikuwa akitoboa mwamba ardhini. Walitoka upande wa Kagongwa, na nyumbani kwao lugha ilikuwa Kisukuma tu. Kiswahili chake alikipata kambini, kikawa kama viatu vya kuazima. Wanawake wa kambini hawakuruhusiwa kuteka bombani, lakini Bernadina alikuwa na moyo. Sikujua alimfulia nguo mara mbili kwa wiki, naye akimaliza alimwachia ajaze debe lake, wakipiga soga mpaka debe linafurika.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimchoma Bernadina. Sikujua alimzidi miaka minne, walikwisha kuhesabu, lakini kila asubuhi alipiga goti. "Shikamoo, Mama Generosa." Naye Bernadina, kwa sababu Philomena na wenzake walikuwa wakitazama, aliitikia, "Marahaba."

Haya. Siku ya Jumatatu Sikujua alimpeleka Chiku zahanati. Mtoto alikuwa na miaka miwili na nusu, upele umemjaa mpaka kwapani, na tumbo linamwendesha. Alisimama juani tangu alfajiri na watu sitini mbele yake, maana benchi la ndani kivulini lilikuwa la watu wa juu. Bernadina alikuwa amekaa kwenye benchi hilohilo, amekuja kutaka dawa ya kichwa. Haikupita hata nusu saa, Bartholomeo, dresa aliyekuwa akitibu watu pale zahanati, alimwita kwa heshima zote: "Mama Karani, pole na kusubiri." Alipotoka alimpita Sikujua mlangoni. Chiku alikuwa amelala begani kwa mama yake, nzi kwenye macho.

Mchana Sikujua akafika bombani na kikapu. Ndani mlikuwa na chupa mbili alizokwenda nazo mwenyewe, kama desturi ilivyokuwa, na zote mbili sasa zilikuwa na maji meupe kama maziwa. Kila moja ilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi.

"Mama Generosa, nisaidie," alisema akipiga goti. "Moja ya kupaka, moja ya kunywa. Dresa amenieleza, lakini amesema mbiombio, watu wanasukumana, mtoto analia. Nilizishika hii kulia, hii kushoto. Kufika njiani nikajikwaa, kikapu kikaanguka. Sasa sijui kulia ni ipi."

"Si urudi ukamuulize?"

"Nimerudi. Ameniambia, 'We mama, karatasi imebandikwa ya nini? Tafuta mtu akusomee.' Nikasema ninaye mtu wangu."

Ninaye mtu wangu. Bernadina alizipokea zile chupa. Philomena alikuwa pale anajaza ndoo, na masikio yake, mjukuu wangu, yalikuwa makubwa kuliko ndoo.

Bernadina akainua chupa moja kwenye mwanga. Karatasi yake ilikuwa na maneno mengi, mistari mitatu ya wino wa buluu. Akainua ya pili. Hii ilikuwa na maneno machache, makubwa, ya wino mwekundu, na chini yake mstari mwekundu.

Angesema, "Macho yananiuma leo." Alikwisha kulisema neno hilo mara nyingi. Lakini alikuwa amelisema juzi tu mbele ya Philomena huyuhuyu, barua ya kanisa ilipoletwa, na Philomena alimtazama kwa jicho la pembeni. Basi akafanya alivyozoea. Midomo ikacheza. Kidole kikashuka. Na kichwani mwake akawa anatafuta. Kupaka, alifikiri, kuna maelezo mengi: uoge kwanza, upake toka shingoni, usiguse macho. Hayo ndiyo yale maneno mengi ya buluu. Na nyekundu? Kwenye kitabu cha sala, nyekundu ilikuwa mahali patakatifu. Kwenye kalenda ya misheni sikukuu zote kubwa zilikuwa nyekundu, Noeli nyekundu, Pasaka nyekundu. Tangu azaliwe hajaona maandishi mekundu yakileta baya. Nyekundu ndiyo ile yenye nguvu, ile inayoingia ndani ya mtu.

"Hii yenye nyekundu ndiyo ya kunywa," alisema. "Kijiko asubuhi na jioni. Hii nyingine mpake."

"Nyekundu ya kunywa," Sikujua alirudia akiibana ile chupa kifuani. "Mungu akuzidishie, Mama Generosa. Mtu akiwa na elimu hata jirani yake anapona."

Maneno hayo yalimwingia Bernadina kama mwiba, lakini alitabasamu.

Kesho yake asubuhi alikuwa anaanika nguo alipoona Sikujua anapanda kilima mbio, kanga imefunguka, mtoto mikononi. Chiku alikuwa anarukaruka mwili mzima, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni.

"Degedege!" Philomena alipiga kelele.

Bernadina aliacha nguo matopeni akamfuata. Mlango wa zahanati ulikuwa umezibwa na watu. Sikujua aliwapita, akamweka mtoto juu ya meza ya dresa.

"Umempa nini?" Bartholomeo aliuliza.

"Dawa yako, baba. Ile ya nyekundu. Vijiko viwili, jana na leo."

Dresa akageuka kuwa mikono tu: sindano ya kumtuliza mtoto, mpira wa kupitisha tumboni, maji, tena maji. Bernadina alisimama ukutani. Alisikia kila kitu. Alimsikia dresa akisema, akiwa bado anafanya kazi, bila kuinua kichwa, "Nimeandika kwa nyekundu. Nimeandika KUPAKA TU, SUMU. Nikapiga na mstari. Nifanye nini zaidi na ninyi watu?"

Sumu. Kwa hiyo ndivyo neno hilo linavyoandikwa.

Nisikutese, mjukuu wangu: mtoto alipona. Saa tisa alasiri mwili ulitulia, jioni akaomba maji, akamwita mama yake. Kifo kilipiga hodi kikarudi. Lakini hadithi yangu si ya kifo, ni ya lile lililobaki baada yake.

Bartholomeo alipoona mtoto anapumua vizuri, ndipo hasira ikampanda. "Nani alikusomea?"

Sikujua alikuwa amekaa sakafuni, ameshika mguu wa Chiku. Aliinua macho. Macho yakapita kwa watu wote, yakafika kwa Bernadina pale ukutani, yakakaa kidogo, yakashuka.

"Nakuuliza, nani alikusomea?"

"Nilisikia vibaya mimi," alisema Sikujua polepole.

"Hukusomewa! Mtu aliyesoma hawezi kusoma sumu akasema kunywa. Umejiamulia mwenyewe. Ndiyo akili zenu kambini."

Na Bernadina, aliyekuwa na viatu miguuni na kitabu cheusi nyumbani, alisimama pale akatazama kucha zake.

Habari ilikimbia kuliko moto wa nyasi. Mkubwa wa kambi hakutaka maneno yafike kwa serikali kwamba zahanati yake inanywesha watoto sumu, akaamuru: iandikwe karatasi, mwanamke akiri kwamba alitoa dawa bila kusomewa, atie dole gumba, na Ijumaa apande lori arudi kwao. Huko kwao, hata dresa wa kumgombeza hakuwapo.

Na hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa Mwasiti, dada yake Majaliwa, aliyefika Jumatano kutoka Mwakitolyo, mwanamke wa maneno mazito na mgongo mpana. Alisema mbele ya kambi nzima, "Mwanamke aliyemnywesha mtoto wetu sumu hamlei tena. Arudi kwao, mtoto nakwenda naye mimi." Majaliwa aliinamisha kichwa, hakumpinga dada yake.

Siku hiyo hiyo alasiri, Sikujua alikuja nyumbani kwa Bernadina. Hakuja bombani, alikuja mlangoni, na hakupiga goti. Alisimama tu.

"Mama Generosa, nina neno moja, halafu nakwenda. Sina ugomvi. Tangu jana natafuta kichwani. Wewe uliniambia ipi? Uliniambia ya nyekundu ndiyo ya kunywa, au masikio yangu ndiyo mabovu? Maana kama ni masikio yangu, mayu, mama yangu, basi kweli mimi si mtu wa kukaa na mtoto. Wifi yangu ana haki, nitamwachia."

Hebu sikia swali hilo. Hakusema umenidanganya. Wazo kwamba mke wa karani hajui kusoma halikumpitia kabisa. Yeye aliona ni rahisi zaidi masikio yake yawe yameoza. Alikuwa amekuja kuulizia masikio yake.

Bernadina alifungua mdomo. Ndani Onesmo alikuwa anakunja gazeti, karatasi inalia. Bombani Philomena alikuwa amezima maji ili asikie. Bernadina akageuka, akaingia jikoni, akachota unga wa mahindi sahani mbili zilizojaa, akaumimina kwenye kanga ya Sikujua.

"Chukua huu," alisema. "Mpikie mtoto uji."

Sikujua aliutazama ule unga, kisha akamtazama yeye. "Asante," alisema, akashuka kilima. Swali lake likabaki mlangoni.

Likabaki hapo, mjukuu wangu, kama kitu kilichoketi. Bernadina alilipita akienda kuteka maji, akalipita akirudi. Akiongeza moto analiona. Akimvisha Generosa analiona. Alipoketi kula alishindwa, na Onesmo alimtazama kwa muda mrefu.

"Wewe hukumjibu yule mama," alisema.

"Ulisikia?"

"Nilisikia." Akanawa mikono. Halafu akasema neno la ajabu, akitazama maji: "Kila mtu ana mzigo wake, Bernadina. Usijibebeshe." Akaondoka. Bernadina alibaki akijiuliza. Miaka minane mume huyu hajapata kumpa barua amsomee. Miaka minane hajauliza kwa nini. Yeye alidhani ni bahati.

Ijumaa asubuhi watu walijaa barazani pa zahanati. Lori lilikuwa linanguruma chini ya kilima. Chiku alikuwa ameketi sakafuni anakula kipande cha kiazi, vidole vyake vimekwisha pakwa dawa sawasawa sasa, na dresa mwenyewe. Nyuma yake Mwasiti, amekwisha kujifunga mbeleko tupu, anasubiri. Sikujua alikuwa na kifurushi chake kimoja.

Onesmo aliisoma karatasi kwa sauti, kwa Kiswahili safi: kwamba mimi Sikujua, mke wa Majaliwa, kwa ujinga wangu, bila kusomewa na mtu yeyote, nilimpa mtoto wangu dawa ya kupaka anywe. Aliposoma "kwa ujinga wangu," sauti yake ilikwama, akakohoa, akaendelea.

"Shahidi?" aliuliza Bartholomeo. "Anatakiwa shahidi mwanamke anayejua kusoma, ili wasije wakasema tumemwonea. Mama Karani yuko hapa. Ni mtu wa kitabu. Atie sahihi."

"Sahihi yangu inatosha," alisema Onesmo haraka. Haraka mno.

Hapo Bernadina alimtazama mumewe, naye Onesmo akatazama kando, na kwa mtazamo huo mmoja Bernadina alijua kwamba mumewe alikuwa anajua. Tangu lini? Pengine tangu siku ya kwanza. Walikuwa wameivaa wote wawili ile nguo, kila mmoja akidhani mwenzake haioni.

"Mkubwa ameagiza shahidi," dresa alishikilia. "Mama Karani, tafadhali. Hapa, chini ya maneno." Akamnyooshea kalamu.

Angeweza. Sahihi za wakubwa alikwisha kuziona, zote ni mkorogo. Angekoroga mistari mitatu na mkia, na hakuna ambaye angejua. Watu wote barazani walikuwa wanamtazama kwa heshima ileile ya kila siku. Philomena alikuwa mbele kabisa. Chiku alidondosha kiazi, akanyoosha mikono kwa mama yake, na Mwasiti akamvuta nyuma.

Sikujua alikuwa amekwisha kuchukua kidau cha wino. Dole gumba lake, lenye nyufa za sabuni ya kufulia nguo za Bernadina, lilikuwa linashuka kwenye wino.

"Ngoja," alisema Bernadina.

Hakuichukua kalamu. Alipita mbele ya dresa, mbele ya mumewe, akafika pale kidauni, akachovya dole gumba lake mwenyewe mpaka kwenye kiungo. Wino ulimtiririka mpaka kwenye kiganja.

"Mama Karani, kalamu ni hii," alisema Bartholomeo, na mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni mzaha.

Bernadina hakugeuka. Alipiga goti kwenye saruji, mbele ya mwanamke wa kambini, mbele ya wote.

"Shikamoo, dada," alisema.

Sikujua aliliondoa dole lake kwenye wino.

"Juzi uliniuliza, nikakupa unga," alisema Bernadina. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka nyuma ya baraza. "Nakujibu leo. Masikio yako ni mazima, dada. Nilikuambia ya nyekundu ndiyo ya kunywa. Nilikuambia hivyo, na mimi kusoma sijui."